Nilivyoiombea Mabaya Barabara ya Walikale

Sifa, mtoto wangu,

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kutopanda pikipiki ya dereva aliyelewa tumeshayasema mpaka umechoka. Jioni hii umeniziba mdomo kwa mkono wako, ukasema, "Mama, inatosha. Miye niko muganga sasa. Miye njo nitafundishaka batu kuchemsha mayi." Kweli. Basi hayo nayaacha. Nakuandikia yale ambayo siwezi kukuambia ukiwa umekaa mbele yangu, maana ukinitazama nitacheka, na nikicheka nitayameza tena.

Nina wivu. Nianze na hapo hapo nisije nikazunguka. Namwonea wivu Mama Anjelani wa Walikale, ambaye unakwenda kukaa nyumbani kwake. Ulipopata kazi ya ukunga kwenye kituo cha afya cha kule, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta maharage. Nikasikia unapiga kelele ya furaha, "Mama! Mama, bamenikubali!" Nikaacha ungo chini, nikaja mbio huku najifuta mikono kwenye kitenge. Kumbe si mimi uliyekuwa ukiniita. Ulikuwa na simu sikioni. Niliposimama mlangoni ulininyooshea kidole, kwamba nisubiri kidogo.

Nilisubiri. Nikarudi kwenye maharage yangu, na siku hiyo nilitupa mazima pamoja na mabovu.

Habari za utoto wako umezisikia kwake, na najua anazisimulia vizuri, na nyimbo ndani yake. Sasa zisikie kwangu, bila nyimbo. Vita vilipoingia kwetu Masisi, baba yako alimbeba kaka yako Bahati, mimi nikakubeba wewe mgongoni, tukafuata watu waliokuwa wakishuka kuelekea Walikale. Ulikuwa bado unanyonya. Njiani homa ikanishika na maziwa yakakauka. Tulipoingia msituni ulikuwa hulii tena, unafungua mdomo tu na kuufunga. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika mpunga kando ya barabara akatuona. Hakutuuliza sisi ni watu gani wala tunatoka kijiji gani. Alisema, "Leta uyu mutoto. Miye niko na maziwa ya kubakia." Alikuwa na mwanawe mchanga kwenye titi moja. Wewe akakuweka kwenye la pili, nawe ukamshika kama mtu uliyekuwa unamtafuta siku zote.

Watu tuliokuwa nao walimshukuru Mungu kwa sauti. Mimi pia nilimshukuru, lakini siku hiyo hiyo, mgonjwa hivyo nilivyokuwa, kitu kingine kiliingia moyoni mwangu. Nilitaka uishi, na nilitaka umkatae. Nilivitaka vyote viwili kwa pamoja, na sikuona aibu.

Wenzetu walipoanza kurudi kuangalia mashamba, tulikuacha kwake, kwa sababu barabara ilikuwa na hatari na wewe ulikuwa bado dhaifu. Tulisema ni kwa muda mfupi. Vita vikarudi, njia ikafungwa, muda ukawa mrefu. Yeye ndiye aliyekuachisha ziwa. Yeye ndiye aliyekufundisha kutembea na kusema. Nilipoweza kuja kukuchukua, meno yako ya utoto yalikuwa yameanza kung'oka, na ulijificha nyuma ya kitenge chake. Alikuambia, "Enda, Sifa. Huyu njo mama yako ya kukuzaa." Ukamuuliza, "Na weye?" Akainama, akakusemea sikioni. Sikusikia alichosema. Mpaka leo nataka kujua. Usiniambie.

Tangu hapo nimekulea, na sidhani nimekulea vibaya. Lakini kila nilichokupa nilikipima na chake. Ulipougua nilijiuliza kama yeye angekuponya upesi zaidi. Ulipoota ndoto usiku ukaita "Mama," nilisikiliza kwanza sauti, nijue unamwita nani, ndipo niinuke. Mtoto analia na mama yake amelala macho wazi anachunguza sauti! Hilo nalijua mimi peke yangu, na sasa unalijua wewe.

Alikuja kututembelea mara moja, ulipokuwa unamaliza shule ya msingi. Utakumbuka nilitandika kitambaa cheupe, nikampa kiti kikubwa cha sebuleni, nikachinja. Baba yako alinisifu kwa ukarimu. Wewe ulikuwa mdogo, hukujua, lakini sasa wewe ni mwanamke na unajua. Mwanamke mwenzako ukimpenda humwachi sebuleni. Unamsogezea kigoda jikoni, anamenya viazi pamoja nawe, moshi unawaliza wote wawili, mnasema habari za watu. Mama Anjelani alikuja akasimama mlangoni pa jiko. "Dada, nikusaidie kidogo?" Nikamjibu, "Hapana, Mama, weye uko mugeni. Kaa tu mu salon." Akarudi kukaa. Nilimpa heshima yote iliyokuwa ndani ya nyumba ili nisimpe nafasi. Alielewa. Alikuwa amesema atakaa wiki nzima, akaondoka asubuhi iliyofuata, akisema kwake mpunga umeiva.

Na ulipopata diploma akakutumia kitenge. Wewe ulifurahi hata ukalala nacho. Usiku ule nilimtumia ujumbe wa sauti kwa simu ya baba yako: "Mama Anjelani, mutoto hakosake nguo hapa kwetu." Asubuhi akajibu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, "Asante, dada, kwa kunisalimia." Ningependa angenitukana. Baadaye ndipo niliposoma zaburi ya nne kwa akili, pale inapotuambia kwamba tukitetemeka kwa hasira tusitende dhambi, tuseme na mioyo yetu kitandani na kunyamaza. Nimeisoma zaburi hiyo kanisani mara nyingi, na sikuwahi kufikiri kwamba inazungumzia simu. Ukikasirika kule, Sifa, lala nayo kwanza. Maneno ya kitandani yabaki kitandani.

Maana ndiyo hivyo: muda wote huo mimi nilikuwa msomaji wa zaburi wa kanisa letu. Unaniona Jumapili, kilemba kimekaa sawa, sauti imenyooka, wazee wanatikisa kichwa. Lakini kuna moja ambayo sikuwahi kuisoma, ile fupi ya mia thelathini na moja, ambapo mwenye kuomba anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa ziwa anavyotulia kwa mama yake. Kila pasta alipoipanga, mimi nilipata mafua. Mama Leya akasoma badala yangu. Wewe uliachishwa ziwa Walikale, ukatulia kwa mama yako, na mama huyo hakuwa mimi. Ningeisomaje?

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Ulipopanga safari mara ya kwanza, nilikwenda kwenye chumba cha maombi cha Jumatano. Unajua tunavyoomba pale. Mtu akiwa na adui tunafungua zaburi za kupigana, tunazisoma tumesimama, tunapiga mguu chini mpaka vumbi linaamka. Mama Leya akaniuliza, "Adui yako njo nani, Mama Bahati? Tumutaje jina?" Nikasema, "Musimutaje. Mungu anamujua." Tukafungua ya thelathini na tano. Humo kuna maneno ya kuomba njia ya adui iwe giza na utelezi. Niliyasoma kwa nguvu hata mama aliyekuwa karibu nami akafungua macho kunitazama. Fikira zangu zote zilikuwa kwenye barabara ya Walikale. Nilijiambia sijamwombea mtu kifo. Nimeomba matope tu.

Matope yakaja. Usinicheke. Mvua ya Masisi haijawahi kungoja ruhusa yangu, na ile barabara isipokatika ndipo watu tunashangaa. Lakini mlima ulipoporomoka, malori yakazama mpaka milangoni na safari yako ikaahirishwa, mimi niliimba. Nilipika sombe ya majani ya muhogo na bugali, nikakuongezea mara mbili. Wewe unalia chumbani, mimi nakuongezea sombe. Nikamwambia Mungu asante kwa kunijibu upesi namna ile.

Kisha akafika yule mtu wa pikipiki, ana matope mpaka kwenye nyusi, amebeba kuku hai kwapani. Wewe ulikuwa bado umejifungia chumbani, kwa hiyo maneno yake ya kwanza niliyasikia mimi peke yangu. "Kwa Mama Bahati njo hapa? Kuko mama moja ya Walikale amenituma. Alikuwa anakuya kwenu, gari ikazama. Amelala mu mvua, kifua ikamukamata, banamurudisha kwake. Anasema kuku ya kumuomba mama mutoto haiwezi kurudi nyumbani."

Sikuelewa. Ni wewe uliyetoka, macho yamevimba, ukanieleza. "Mama, alikuwa anakuya kukuomba ruhusa. Miye nilimwambia niko mukubwa, nitakuya tu. Akakataa. Akasema, mutoto haingie mu nyumba yangu kama mama yake hayasema ndiyo."

Umeona? Mtu aliyekuwa ndani ya matope niliyoyaomba alikuwa anakuja kwangu na kuku mkononi. Amekunyonyesha, amekuachisha, amekufundisha neno la kwanza, na bado alijua kwamba mlango wa kubisha ni wangu. Kwa watu wake, mtoto wa mtu haombwi kwa simu wala mikono mitupu. Na mimi, miaka yote hii, sijawahi kumwambia asante. Nimemwambia karibu, nimemwambia kaa, nimemwambia safari njema. Asante haijatoka. Kila mara ilipofika kwenye meno niliona kwamba nikiisema, nitakuwa nimekubali kwamba bila yeye ungekufa mgongoni mwangu.

Ulidhani nitafurahi. Nilikuambia kuku amekonda. Ulimpa mahindi mwenyewe, ukamtengenezea mahali pa kulala karibu na kuni, ukamsemesha Kinyanga, lugha ya kwao Walikale. Mwanangu, nilimwonea wivu hata kuku.

Baba yako ndiye aliyenifuata shambani. Alisimama pale anajifanya anaangalia majani ya maharage. Akasema, "Mama Bahati, mutoto haiko shamba. Hauwezi kumupandia miti ya mupaka." Unamjua baba yako, nusu ya maisha yake imeishia kwenye kesi za mipaka ya mashamba, kwa hiyo akisema jambo kama hilo anajua uzito wake. Nilimkasirikia mpaka jioni. Nilimpa viazi baridi.

Lakini nilirudi kwenye Zaburi, safari hii peke yangu, bila kupiga mguu chini. Nilikuwa natafuta mahali pa kujitetea. Nikaangukia ya sabini na tatu. Mwenye kuomba anakiri kwamba aliona wivu, na kwamba miguu yake ilikuwa karibu kuteleza. Nikafunga kitabu, nikakifungua tena. Utelezi niliouomba kwenye njia ya mwingine ulikuwa chini ya miguu yangu mwenyewe, na tangu zamani, tangu siku ile ya mpunga. Mbele kidogo anasema alikuwa kama mnyama mbele za Mungu, na Mungu bado amemshika mkono. Sikujua kama mtu anaruhusiwa kusema hivyo. Mimi nilidhani wivu unaufua kwanza, unauanika, unaupiga pasi, ndipo unakwenda kuomba. Kumbe unakwenda nao hivyo hivyo, unanuka, unausema.

Kwa hiyo beba zaburi zote, usiache hata zile kali. Utazihitaji. Siku moja utakuwa na mama anayetoka damu, dawa zimekwisha, pikipiki haijafika, na utataka kumlaani mtu. Soma zile kali, zimeandikwa kwa siku kama hiyo. Uliza "hata lini" kwa sauti kama wanavyouliza mle ndani, Mungu hashtuki. Ila adui usijichagulie kwa kidole chako mwenyewe. Mimi nilijichagulia. Daudi alikuwa anafukuzwa na watu wenye mikuki, na mimi nilikuwa nafukuzwa na mwanamke mwenye kuku.

Usifikiri nimepona. Jana nilikuona unapanga begi. Kitenge chake kiko juu kabisa, na sweta niliyokufumia mimi iko chini, chini ya viatu. Najua Walikale kuna joto. Nimeona tu.

Halafu ile Jumapili ya kukuaga. Kila mtu alijua nitasoma ya mia ishirini na moja, ya kuinua macho kwenye milima, kama tunavyowasomea wote wanaosafiri. Wewe ukasimama, ukasema mbele ya kanisa zima, "Kule milima haiko, kuko miti tu. Nitainua macho fasi gani?" Watu wakacheka. Kisha ukaomba nikusomee ya mia thelathini na moja. Pasta akanitazama, Mama Leya tayari ameanza kuinuka. Sijui kama ulijua unachofanya. Nadhani ulijua. Nilisoma. Nilipofika kwa yule mtoto sauti ikakatika, na watu wakadhani nalia kwa sababu unaniacha.

Nililia kwa sababu nilikuwa sijawahi kuisoma vizuri. Mtoto aliyeachishwa hatafuti tena titi. Ndiyo maana ametulia. Anakaa kwa mama bila kudai kitu. Na mimi miaka yote nimekaa najiuliza nani alikupa maziwa na nani alishindwa, wakati wewe ulikwisha kuacha kunyonya zamani, ukawa unakaa kwetu sote wawili bila taabu. Aliyebaki analilia titi ndani ya nyumba hii ni mimi.

Sasa ulijue na hili. Leo alasiri ulipokwenda kuaga kwa shangazi yako, nilimpigia simu Mama Anjelani. Hukuniomba, na baba yako hakuniomba. Najua ulikuwa umeanza kuulizia chumba cha kupanga kule, kwa sababu neno langu lilikuwa halijafika kwake na yeye hawezi kukufungulia mlango bila neno hilo. Ulinificha ili nisione aibu. Alipokea simu anakohoa. Nikasema, "Mama Anjelani, mutoto anakuya." Akauliza polepole, "Umesema ndiyo, dada?" Nikamwambia, "Nimesema ndiyo. Kuku ilifika." Akaanza kulia. Nikajua ndipo mahali pa kusema lile neno, nikafungua mdomo, nikasema mtandao ni mbaya, nikakata.

Mtandao ulikuwa mzuri.

Basi nenda, Sifa. Nakupa kwa mdomo wangu na kwa mkono wangu, na yule asiyesinzia akuangalie kwenye utelezi wote, hata ule niliouomba mimi. Ukifika atakuuliza mama yako amesema nini. Usimwambie kwamba nimeshukuru. Najua utapenda kunisaidia; usinisaidie. Asante hiyo ni yangu, nimeikalia tangu ukiwa huna jino hata moja, na hata wewe sikupi uibebe. Barabara ikikauka nitapanda pikipiki, mimi na magoti yangu haya, nitakuja kuisema mbele yake. Na siku hiyo, nikishaingia, wewe toka nje utuache wawili.

Mama yako